Kwetu Mvua ni Nyingi, Lakini Moto wa Vichakani Unaweza Kufunga Biashara

Ukisimama kwenye mwinuko wa Manga alasiri ya Januari, huenda ukaona moshi ukipanda kutoka mashambani. Ni wakulima wanaochoma mabua na nyasi kabla ya mvua ndefu. Kazi hiyo ni ya kila mwaka, na mara nyingi huisha salama. Ndiyo maana wengi wetu, Kisii na Nyamira, huona moto wa vichakani kuwa shida ya maeneo makavu.

Lakini milima ya Aberdare nayo ina mvua na ukungu, na Februari 2022 iliwaka. Moto hauhitaji jangwa. Wiki chache za jua na upepo zinatosha, na kadiri joto linavyopanda ndivyo nyasi na majani yaliyoanguka yanavyokauka upesi.

Misitu mikubwa hatuna. Tulicho nacho ni mikaratusi, au bulugamu kama tulivyozoea kuiita, iliyopandwa kila ukingo, mara nyingi ikipakana na majani chai. Majani yake yana mafuta na maganda yake makavu hushika moto haraka. Kwa mwenye shamba, miti hiyo ni akiba: karo ya shule, nguzo, kuni za kuuza. Ikiungua ikiwa na miaka sita, miaka hiyo yote imepotea.

Hasara haiishii kwake. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni. Kuni za karibu zikiteketea, kiwanda hununua za mbali kwa bei ya juu, na gharama hiyo hupunguza bonasi ya mkulima ambaye hata moshi hakuuona. Chai iliyobabuka nayo hulazimika kukatwa, na mchumaji hukaa miezi bila jani la kuchuma. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha unga na sukari akitegemea malipo ya mwisho wa mwezi huanza kuhesabu madeni.

Umeme ni suala lingine. Huko California, kampuni ya umeme ya PG&E iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2019, baada ya mioto ya 2017 na 2018 kuileta uso kwa uso na madai ya mabilioni ya dola. Nyaya zake zilikuwa zimehusishwa na baadhi ya mioto hiyo. Sisi ni wadogo, lakini miti inayoegemea nyaya tunayo tele. Toa taarifa kwa kampuni ya umeme. Usipande juu kuikata mwenyewe.

Kuhusu bima, wenye biashara wengi wana bima ya moto na hudhani inatosha. Katika mikataba mingi ya aina hiyo, moto wa vichakani hauhesabiwi mpaka uongezwe kwa makubaliano maalumu. Muulize wakala wako swali hilo moja, na umwombe akuonyeshe kifungu chenyewe. Uliza pia kama siku ambazo biashara imefungwa zinalipiwa, kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri.

Kuzima moto ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Hata hivyo, gari la zimamoto haliwezi kupita njia ya miguu kati ya mashamba mawili ya chai, na hili ni vyema tuliseme wazi. Dakika za kwanza ni za majirani. Mabua yawe mboji au chakula cha ng'ombe. Ukilazimika kuchoma, choma asubuhi kabla ya upepo, lima ukanda mtupu kuzunguka eneo hilo, weka maji karibu na umwarifu jirani. Moto ukivuka mpaka, aliyeuwasha anaweza kudaiwa fidia mahakamani.

Wenye maduka na maghala, fyekeni nyasi nyuma ya jengo kabla ya Januari. Pigeni picha bidhaa na stakabadhi zenu, kisha mmtumie mtu anayeishi mbali na duka.