Naomie Nishimwe: Taji la mwezi mmoja, jina la miaka

RUBAVU – Usiku wa Jumamosi, 22 Februari 2020, binti mmoja aitwaye Naomie Nishimwe alivikwa taji la Miss Rwanda katika ukumbi wa Intare, Rusororo, jijini Kigali. Hapa Gisenyi siku hiyo ilikuwa ya kazi kama siku nyingine. Nyanya, viazi na maziwa vilivuka Petite Barrière kwenda Goma, na waliouza mapema walirudi na vitenge kichwani.

Jumamosi nne baadaye, tarehe 21 Machi, serikali ilitangaza watu wabaki majumbani na mipaka ifungwe, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa amegunduliwa wiki moja kabla. Mrembo wa taifa na mchuuzi wa mpakani wakajikuta katika hali moja: kila mmoja ana bidhaa mkononi, na mlango wa soko umefungwa.

Wafanyabiashara wengi huyaona mashindano ya urembo kuwa mchezo wa watoto wa mjini. Ukitazama vizuri, ni biashara, tena yenye masharti magumu. Mshindi wa Miss Rwanda alipewa gari na mshahara wa kila mwezi kwa mwaka wa taji lake. Lakini faida kubwa ilitokana na mwaka wenyewe: hafla za kualikwa, kampuni za kumtaka atangaze bidhaa zao, ziara za mikoani na safari ya kwenda kushindana Miss World. Mwaka ulipoisha, taji alipewa mwingine. Ilikuwa mali yenye tarehe ya mwisho, kama maziwa kwenye jerikeni. Usipouza leo, kesho hayafai.

Wa kwanza kulivaa taji hilo alikuwa Dalila Uwera mwaka 1993. Kisha likanyamaza hadi mwaka 2009, alipolitwaa Grace Bahati. Kuanzia mwaka 2014 mashindano yalifanyika kila mwaka, na wasichana walichujwa mikoani kabla ya kwenda Kigali. Wa mkoa wetu wa Magharibi waliitwa hapahapa Rubavu. Mwaka 2016 Jolly Mutesi alikuwa mshindi wa kwanza wa Rwanda kusimama kwenye jukwaa la Miss World, nchini Marekani. Tangu hapo kila aliyevikwa taji alijua safari hiyo inamngoja.

Naomie hakuipata. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, hafla zikafa, na Miss World ya mwaka 2020 haikufanyika kabisa. Mwezi Machi 2021 alimkabidhi taji Grace Ingabire, na nafasi ya kwenda Miss World ikawa ya Ingabire. Kati ya miezi zaidi ya kumi na miwili ya utawala wake, Naomie alikuwa amefanya kazi katika hali ya kawaida kwa mwezi mmoja tu.

Wenzetu wa Petite Barrière wanaujua uchungu huo kuliko yeyote. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku. Baada ya kufungwa, bidhaa zilianza kuvuka kwa kukusanywa pamoja: watu kadhaa waliweka mizigo yao kwenye gari moja na kumtegemea mtu wa upande wa pili aipokee na kuiuza. Mwenye jina zuri Goma alipata wa kumpokelea mzigo na kumtumia pesa. Asiyejulikana alikula mtaji wake. Mipaka ya nchi kavu ilifunguliwa tena tarehe 7 Machi 2022, karibu miaka miwili baadaye, na wengi hawakuwa na cha kuanzia.

Naomie naye alibaki na kitu hichohicho kimoja: jina. Hakuwa na jukwaa, lakini watu walikuwa tayari wanamfahamu, yeye na ndugu zake wa kike wanaojulikana kama Mackenzies. Aliendelea kuonekana mitandaoni, akafanya kazi za matangazo, akaingia kwenye biashara ya mavazi kwa chapa ya Zoi. Mteja wa nguo hizo hanunui taji, kwa maana taji lilishakwenda kwa mwingine. Ananunua kwa mtu anayemjua.

Ilikuwa vyema kwamba hakulitegemea taji, kwa sababu lenyewe halikudumu. Aprili 2022 mkuu wa kampuni iliyoandaa Miss Rwanda alikamatwa kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, kesi ikaenda mahakamani, na mwezi Mei wizara ikayasimamisha mashindano. Divine Muheto, aliyeshinda mwaka huo, akawa wa mwisho kuvikwa taji kabla ya amri hiyo. Wazazi waliokuwa wakiwapeleka mabinti zao kwenye mchujo wakabaki na swali zito: nani alikuwa akiwalinda watoto hawa?

Desemba 2024 Naomie alitoa kitabu chake cha Kiingereza, More Than a Crown. Humo anasimulia maisha yake, pamoja na msongo wa mawazo na afya ya akili, mambo ambayo kwetu mtu huambiwa ayameze tu. Mwishoni mwa mwezi huohuo alifunga ndoa na Michael Tesfay, kijana mwenye asili ya Ethiopia. Miaka karibu mitano baada ya usiku ule wa Rusororo, bado anazungumziwa.

Nasi tangu mwaka 2022 hatujatulia. Juni mwaka huo, baada ya risasi kulia Petite Barrière, upande wa Kongo ulianza kufunga saa tisa alasiri. Januari 2025 vita viliingia Goma na risasi zikaangukia mpaka huku kwetu. Hakuna anayeweza kumwahidi mchuuzi kwamba kesho mlango utakuwa wazi.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ruhusa ya kuvuka si mali yako. Ni kama taji: umeazimwa. Mali yako ni yule mama wa Birere anayejua kwamba nyanya zako hazifichi mbovu chini ya ndoo, na namba yake ya simu iliyoandikwa mahali ambapo haitapotea. Ni deni ulilolipa kwa siku uliyoahidi. Mpaka ukifungwa, hivyo ndivyo vitakavyokuuzia mzigo. Ukifunguliwa, hivyo ndivyo vitakavyokufanya uulizwe ulikuwa wapi.