Serikali Isiyo na Dini: Je, Katekisimu Itafukuzwa Shuleni?

Mzazi mmoja wa hapa Swima, Mkristu hodari, alinijia jioni moja akiwa na hofu. Alikuwa amesomewa Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo kifungu chake cha kwanza chasema kwamba Kongo ni dola isiyofungamana na dini yoyote. «Mwalimu,» akasema, «sheria hii ni ya wapagani. Kesho watakuja kuondoa msalaba na katekisimu shuleni.»

Wazazi wapenzi, hofu hiyo si ya bure. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka ule Serikali ikazitwaa shule zote za misioni. Saa ya dini ikawa saa ya mafundisho ya chama. Lakini tutazame vema: je, huko ndiko kutenga dini na Serikali? Sivyo hata kidogo. Serikali yenyewe ilijivika kanzu ya kuhani, ikadai nyimbo na sifa zimpasazo Mungu. Tena mzigo wa shule ukaielemea upesi. Tarehe 26 Februari 1977 ilipatana na makanisa, ikawarudishia kuziongoza. Na tangu hapo Serikali huweka programu na kulipa walimu. (Habari ya mishahara kuchelewa tuiache kwa leo.)

Yatupasa kusema kweli ya upande wetu pia. Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Kiti Kitakatifu na Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II, yaliahidi kila misioni hektari 100 hadi 200 za ardhi, nayo misioni ifungue shule. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shule hizo, wala siwezi kuzidharau. Walakini Serikali ilipopendelea misioni za Kikatoliki, wengine waliumia. Misioni za Kiprotestanti za kigeni hazikupata msaada wa fedha kwa shule zao mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Simon Kimbangu, mtu asiyeshika silaha, alikamatwa mwaka 1921, akafia kifungoni Elisabethville mwaka 1951.

Basi Katiba imeweka mpaka kwa pande zote mbili. Kifungu cha 22 chalinda uhuru wa dini, na cha 45 chakataza kumbagua mwanafunzi kwa ajili ya dini yake. Eklezya haikuukimbia mpaka huo: mapatano mapya ya Kongo na Kiti Kitakatifu yalitiwa sahihi Vatikano tarehe 20 Mei 2016, yakaanza kutumika Januari 2020.

Mzazi yule akatulia. Kisha akauliza neno gumu kuliko la kwanza: «Na mtoto wa jirani yangu Mwislamu, anayekaa benchi moja na mwanangu, saa ya katekisimu afanyeje?»

Nilimjibu kwamba asilazimishwe kufanya ishara ya msalaba, wala asipunguziwe alama kwa kukataa; kwa maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Akanyamaza kitambo, halafu akataka kujua kama katika darasa langu ndivyo nifanyavyo. Sikuweza kumjibu upesi.