Uzamili wa Januari: Mwalimu Aanze Akijua Atakavyomaliza

Mwezi wa Januari una shughuli zake katika kaunti za Kitui na Makueni. Kengele za shule hulia tena baada ya likizo ndefu, wazazi huhangaikia karo, na mashambani wakulima huvuna ndengu na mahindi ya mvua za vuli, iwapo mvua zenyewe zilinyesha. Ni katika mwezi uo huo ambapo baadhi ya walimu wetu huitwa chuoni kuanza masomo ya shahada ya uzamili. Aghalabu mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vyetu huanza Septemba. Huyu wa Januari ni mgeni aingiaye karamuni wakati wenzake wamekwisha kunawa na kuanza kula.

Nafasi yenyewe si ya kubezwa. Zamani mwalimu wa Mutomo au wa Kathonzweni aliyetamani uzamili hakuwa na budi kufunga safari hadi Nairobi au mbali zaidi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2008, taasisi ya kilimo ya Ukambani iliyokuwa karibu na Kwa Vonza ilipofanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2013 chuo hicho kilipata hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho kina bewa pia mjini Wote. Aidha, barabara itokayo Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imewekwa lami, na kuvuka mto Athi si mashaka kama ilivyokuwa. Umbali, basi, si kisingizio tena.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, kuanza si kumaliza. Mwanafunzi wa Januari yumkini akakuta kozi ya msingi, tuseme ya mbinu za utafiti, ilifundishwa muhula uliopita, naye anatakiwa asome ile iliyojengwa juu yake. Atajikaza, apite mitihani, kisha afikie tasnifu. Hapo ndipo wengi hukwama. Masomo ya darasani yana ratiba na mhadhiri wa kumwuliza mtu alikokuwa. Tasnifu haina kengele. Mwalimu mwenye vipindi tele kwa wiki, madaftari ya kusahihisha na zamu ya kusimamia bweni huiahirisha hadi likizo. Likizo nayo huja na matanga, harusi na palizi. Miaka miwili iliyokusudiwa hugeuka minne au mitano, na ada hailali.

Kuna jambo jingine linalofaa kusemwa waziwazi. Kwa miaka mingi mwalimu aliyepata shahada nyingine alitarajia kupandishwa daraja kwa sababu hiyo. Siku hizi Tume ya Huduma za Walimu haimpandishi mtu cheo kwa kuwa tu amepata shahada ya juu. Anayejisajili kwa matumaini ya mshahara pekee, huku akitumia karo ya mwanawe kulipia ada yake, huenda akajuta kabla ya siku ya mahafali. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, na ajiulize: kuna swali gani ninalotaka kulijibu?

Maswali hayatupungukii. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo. Walionyesha kwamba baina ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka takriban mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua kwa juhudi za wakulima wenyewe waliochimba matuta. Huko Kitui jamii zimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, ili maji yahifadhiwe chini ya mchanga jua likiwaka. Je, mtoto asiyeamka usiku kufuata maji husoma vyema zaidi? Mwalimu wa jiografia, wa sayansi au hata wa Kiswahili ana maktaba nzima nje ya mlango wa darasa lake. Mwenye swali la nyumbani halazimiki kusafiri kutafuta data, wala hachoki upesi, kwa maana jibu lake linamhusu.

Vyuo navyo visijifiche. Chuo kinachopokea wanafunzi Januari, na kuchukua ada yao, kina wajibu wa kuwafundisha kozi za msingi Januari hiyo hiyo. Masomo ya walimu yapangwe katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na kila mwanafunzi apewe msimamizi katika mwaka wa kwanza. Mwalimu kwa upande wake asione haya kuuliza mambo haya kabla ya kusajiliwa. Akijibiwa kwa kubabaishwa, heri asubiri Septemba.

Mkulima wa Ukambani anaifahamu hekima hii. Mvua za vuli zinapoanza hupanda ndengu na mbaazi siku moja. Ndengu huzivuna mapema, akazila na kuziuza. Mbaazi ya kienyeji humngoja hadi katikati ya mwaka, nayo humtaka ailinde dhidi ya mbuzi na wadudu muda wote huo. Masomo ya darasani ni ndengu, na tasnifu ni mbaazi. Anayeitwa chuoni Januari aende, lakini aende akijua ya kuwa mavuno makubwa yako mbali, na ya kuwa shamba halilindwi na aliyekwisha kurudi nyumbani kulala.