Tumbo Lisilopatana na Ngano



Katika mitaa yetu ya Makadara, kuanzia Maringo hadi Hamza, ni nadra siku kupita bila ngano: asubuhi mahamri au mandazi, jioni chapati, na akija mgeni, sambusa. Wengi hula wakamshukuru Mola. Lakini wapo ambao kila wakila hivyo tumbo huwajaa gesi, huharisha, na damu huwapungua. Hata mtoto hukonda ilhali anakula. Baadhi yao wana ugonjwa uitwao siliaki. Mwili wao hupigana na gluteni, ule mnato unaofanya donge la chapati livutike, na utumbo ndio unaojeruhiwa.

Aliyefichua siri hii ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ikaitaja ngano kuwa chanzo. Wala tusidhani ni maradhi ya Wazungu pekee: Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi ni miongoni mwa watu wanaopatwa nayo zaidi duniani.

Nasaha ya kwanza: usiache ngano kabla ya kupimwa hospitalini. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita hivyo, na aliyekwisha kuiacha huenda akaonekana mzima.

Ya pili: zitazameni dawa zetu za nyumbani. Talbina, uji wa shayiri, tumeipokea katika Hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kuwa ni kitulizo kwa mgonjwa. Lakini shayiri nayo ina gluteni, na sharia yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara. Anayedhurika nayo hana dhambi kuiacha; uji wa wimbi au wa mchele utamfaa. Mvuje wa unga, ambao tunauamini kwa gesi, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Badala yake mpeni chai ya tangawizi.

Ya tatu: mafuta. Yenyewe hayana gluteni, lakini yaliyokwisha kukaanga mandazi hubaki na chembe za unga. Viazi vya mgonjwa vikaangwe kwa mafuta mapya, katika karai lake. Kwa mapishi ya kila siku tumieni ya alizeti au ya simsim, kwa kijiko wala si kwa kumimina, kwani chakula chenye mafuta mengi hukawia tumboni na kuleta kuvimbiwa. Samli safi imeondolewa sehemu kubwa ya maziwa, hivyo humfaa ambaye utumbo wake uliojeruhiwa haujayaweza maziwa. Hata hivyo samli na mafuta ya nazi ni mazito kwa moyo. Yawe ya kuonja ladha.

Chakula hakikosekani: wali, ugali, muhogo, ndizi, mofa ya mtama, vitumbua vya mchele mtupu. Ongezeni maharagwe, mboga na maji, maana aachaye ngano akabaki na wali peke yake hufunga choo. Na unga wa kusagisha usagwe katika kinu kisichosaga ngano.

Mwisho, nawausia wenye nyumba. Sisi tumezoea kumshikilia mgeni aonje japo kipande, na akikataa twamwona ana maringo. Kwa mwenye siliaki, kipande hicho ni jeraha. Muulizeni kabla hamjapika, kisha mpakulieni kilicho salama kwake. Huo ndio ukarimu, na mwenye nyumba ana ujira wake.

Wabillahi tawfiq.