Mikate Isiyotiwa Chachu na Mashine

Mhudumu anayepangiwa kazi katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji, hukutana mapema na watu ambao biashara yao ya chakula ni ya ukoo. Katika delta ya Rufiji babu alivua kamba, mama akaanika uduvi, na sasa wajukuu wanafikiria barafu, mifuko yenye chapa na wanunuzi wa Dar es Salaam. Wanapouliza lipi la wazee lishikwe na lipi liachwe, husikika mimbarani jibu la haraka, kwamba wasiwe kama Wayahudi wanaoabudu desturi. Twakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo linawasingizia Wayahudi, na tena linawanyima waumini msaada ambao wangeupata kwao.

Ni kweli kwamba kwa Torati bidhaa kuu ya delta haifai. Mambo ya Walawi 11:9–12 yataka kiumbe cha majini kiwe na mapezi na magamba. Kamba ana ganda, si magamba. Kaa wa mikokoni vivyo hivyo. Na kambale, ajapokuwa na mapezi, hana magamba. (Jirani zetu Waislamu wa delta hula kamba bila wasiwasi, ingawa wao na Wayahudi hujitenga na nguruwe. Sheria hizo mbili zisichanganywe.) Lakini swali la wajukuu halihusu kilicho najisi. Linahusu namna ya kutenda kazi, na hapo yafaa kutazama mikate ya Pasaka.

Sheria ya marabi yasema kwamba unga ukiisha kuguswa na maji usikae bila kukandwa kwa dakika 18 kabla ya kuokwa, usije ukaumuka. Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Mwaka 1838 Isaac Singer, Myahudi wa Alsace nchini Ufaransa, akabuni mashine ya kusukuma donge. Mwaka 1859, huko Galicia iliyokuwa chini ya Austria, Rabi Solomon Kluger wa Brody aliikataza. Hakuikataza kwa sababu ni ngeni. Alisema kwamba mkate wa amri huokwa kwa nia ya kuitimiza amri, na chuma hakina nia. Kwamba vipande vya donge vingeweza kunasa katika meno ya mashine na kuumuka humo. Na kwamba maskini waliokuwa wakipata fedha za Pasaka kwa kukanda na kuoka wangepoteza riziki yao. Rabi Joseph Saul Nathanson wa Lemberg alimjibu akiiruhusu mashine. Mabishano hayo hayakwisha kwa sauti moja: hata leo wako Wayahudi, hasa Wahasidi, wasiokubali katika karamu ya Pasaka ila mkate wa mikono.

Sababu ile ya tatu ya Kluger yatugusa kuliko zote. Mwanasheria wa Torati, yule ambaye mahubiri mengi humchora kama mtumwa wa herufi, aliitazama mashine akaona maskini wasio na fedha ya sikukuu.

Wengine waliichukua mashine na kuilinda sheria. Ukoo wa Aron Streit, mhamiaji kutoka Austria, ulioka mikate hiyo katika mtaa wa Rivington, New York, kuanzia 1925 hadi 2015, kizazi baada ya kizazi, kisha ukahamia nje ya jiji. Mikono ilipunguzwa, dakika 18 hazikuguswa.

Karibu nasi zaidi wako Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wao, alianzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ukiwaunganisha wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Kahawa yao iliuzwa Marekani kwa njia ya kampuni ya Thanksgiving Coffee. Shamba lilibaki la familia na Sabato ikabaki Sabato. Kilichobadilika ni soko.

Kwa hiyo mzee wa delta na mjukuu wake wasaidiwe kutafuta dakika 18 zao. Je, ni jua lenyewe, au ni usafi wa uduvi, ambao hata kikaushio kipya chaweza kuulinda? Je, ni kibaba, au ni kipimo cha haki kinachotakiwa na Walawi 19:36, ambacho mizani pia yaweza kukitunza? Na wanawake wanaolipwa kwa kuanika watapata wapi ujira? Swali hili la mwisho si geni Rufiji. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta. Wakazi wengi waliupinga, wakihofia mashamba yao ya mpunga na mikoko, shauri likafika Mahakama Kuu, na mabwawa yale hayakujengwa.