Sabuni Ileile, Povu Tofauti

Aliyezoea kufua Buzuruga, jijini Mwanza, akahamia Unguja, kwenye nyumba inayotegemea kisima, huona mabadiliko siku ya kwanza. Mche uleule, beseni lilelile, lakini povu halitoki. Akizidi kusugua, utando wa kijivu unaelea juu ya maji, na shati jeupe likianikwa hukauka limefifia na kukakamaa. Wengi huilaumu sabuni, nayo haina kosa.

Maji ya bomba ya Mwanza hutoka Ziwa Victoria, na takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani humo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua haina madini mengi, hivyo maji hayo ni laini. Unguja, sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe, yaani kalisi kaboneti. Mvua ikipenya humo hufika kisimani imeshayeyusha kalisi, na hayo ndiyo maji magumu.

Sabuni ya mche hupikwa kwa mafuta na kostiki soda. Kila chembe yake ina upande unaoshika mafuta na upande unaopenda maji. Kalisi huung'ang'ania upande huu wa pili, na chembe haiyeyuki tena: ule utando wa kijivu ndio sabuni yenyewe, imekufa kabla ya kugusa uchafu. Ndiyo maana mche huisha haraka, maana sehemu yake ya kwanza huliwa na kalisi tu.

Mwaka 1916, mafuta yalipoadimika vitani, Wajerumani walitengeneza kisafishio kisichotokana na mafuta ya kula. Jamii hiyo ya visafishio, ambayo leo imo katika sabuni nyingi za unga, haigandi ovyo ikikutana na kalisi. Watengenezaji wengine huongeza fosfeti ili kuinasa kalisi hiyo. Lakini fosfeti ni mbolea. Ikifika ziwani hulisha mwani na magugumaji.

Kwa hiyo anayefulia maji ya ziwa hana sababu ya kumwaga sabuni ya unga kwa viganja. Ni hasara mfukoni na mzigo kwa ziwa, tena povu likizidi katika maji laini halikatiki upesi, na ndoo za kusuuzia huongezeka. Aliye kwenye maji magumu atie magadi kidogo kwenye beseni kabla ya sabuni, asubiri kalisi ijitenge na kutuama, kisha achote maji ya juu.