Ratiba ya Kazi: Nani Afanye Nini, na Lini?

Vikundi vingi vya uzalishaji mali vinapokutana hulalamikia uhaba wa mtaji. Kilio hicho ni cha kweli. Hata hivyo, ipo mali nyingine inayopotea kila siku bila kuandikwa katika daftari lolote, nayo ni muda wa watu. Fundi mmoja anakaa akisubiri mbao zitoke kwenye mashine. Mteja aliyelipa nusu ya bei anafika siku aliyoahidiwa na kuambiwa "rudi kesho". Ikifika mwisho wa juma, mafundi wanakesha ili kufidia. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kikundi kisicho na ratiba hukopa kila siku bila kujua kitalipa kwa nini.

Mfano wa karakana ya useremala

Tuchukulie kikundi cha useremala katika kata ya Mugeta, wilayani Bunda. Fundi mmoja anaendesha mashine ya kupasua na kuranda mbao, na mwingine anaunganisha. Kila kazi hupitia kwanza kwenye mashine, kisha kwenye meza ya kuunganisha. Zimepokelewa oda nne kwa mpangilio huu:

1. Fremu za milango: mashine saa 6, kuunganisha saa 2.
2. Kabati: mashine saa 2, kuunganisha saa 6.
3. Madawati: mashine saa 5, kuunganisha saa 4.
4. Vitanda: mashine saa 3, kuunganisha saa 5.

Kikundi kikifuata mpangilio wa kupokea oda, kazi zote zitakwisha baada ya saa 23. Kikianza na kabati, kikafuata vitanda, madawati na mwisho fremu, zitakwisha baada ya saa 19. Hakuna fundi aliyeongezwa wala mashine iliyonunuliwa. Sababu ni kwamba katika mpangilio wa kwanza fundi wa kuunganisha anakaa bure saa 6 za mwanzo akisubiri fremu. Katika mpangilio wa pili anasubiri saa 2 tu, na baada ya hapo hakosi kazi.

Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1954 na mwanahisabati Mmarekani, S. M. Johnson, nayo haihitaji kompyuta. Katika oda zote, tafuta muda ulio mfupi kuliko wote. Ukiwa ni wa hatua ya kwanza, oda hiyo iwekwe mwanzoni. Ukiwa ni wa hatua ya pili, iwekwe mwishoni. Kisha iondoe katika hesabu na urudie kwa zilizobaki. Washonaji wenye mkataji mmoja na cherehani moja wanaweza kuitumia vilevile.

Kanuni haimjui mteja

Hapa tunahitaji kuwa waangalifu. Katika mpangilio wa pili, mwenye fremu aliyefika wa kwanza anahudumiwa wa mwisho. Fremu zake zingekuwa tayari baada ya saa 8. Sasa atazipata baada ya saa 19. Ikiwa waashi wanazingoja ili waendelee na ukuta, hasara yake ni kubwa kuliko faida ya kikundi. Basi fremu zitangulie, na kikundi kikubali kurudi kwenye saa 23 kikijua kinachotoa. Ikiwa nyumba yake bado iko kwenye msingi, anaweza kusubiri bila kuumia, mradi aambiwe tarehe ya kweli mapema. Kwa hiyo siku ya kupokea oda usiulize bei tu. Uliza pia, "Unakihitaji lini, na kikichelewa utapata hasara gani?"

Ratiba ya watu

Mashine haiugui malaria, haifiwi, wala haina shamba. Watu wanayo hayo yote. Mvua za vuli zinapoanza, kila kaya hutaka kulima na kupanda. Pamba inapouzwa katikati ya mwaka, fedha huingia na oda za vitanda na milango huongezeka. Kikundi kinachojua misimu hii hupunguza ahadi wakati wa kilimo, na hukausha mbao mapema kabla ya wateja kuja.

Aidha, ikiwa mtu mmoja tu ndiye anayejua kuendesha mashine, siku akiugua karakana nzima imeugua. Afundishwe wa pili wakati kazi ni chache, maana wakati wa oda nyingi hakuna atakayepata nafasi ya kufundisha.

Kikundi kinapoajiri, ratiba inaongozwa pia na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa kawaida mfanyakazi hafanyi kazi zaidi ya siku 6 kwa juma, saa 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku. Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena zipite angalau saa 12. Mipaka hii ina maana kubwa karakanani. Msumeno wa umeme haumsamehe fundi aliyesinzia, na kidole kilichokatika hakifidiwi na oda iliyowahi.

Tuanzie wapi?

Ubao na chaki vinatosha. Andika majina ya mafundi upande wa kushoto na siku za juma juu, kisha jaza kazi ya kila mtu kila siku. Acha nusu siku wazi kwa ajili ya umeme kukatika au msiba. Kila jioni wekeni alama kwenye kilichokamilika, na andikeni muda uliotumika kweli. Baada ya miezi michache mtakuwa na makadirio yenu wenyewe, yaliyo bora kuliko ya kubahatisha.

Mwisho, ubao huo utundikwe mahali ambapo mteja anauona. Kikundi kitakachothubutu kufanya hivyo kitajifunza haraka kuahidi kile tu kinachoweza kutimiza.